Kuchagua Ruta ya Kupokea Programu Huria

Mwalimu wa Elerai, jijini Arusha, anunuapo ruta ya kusambaza intaneti shuleni bila waya, hutazama jina na bei. Hayo hayatoshi. Mtengenezaji akiacha kurekebisha programu iendeshayo ruta, kasoro za usalama hubaki, japo chombo ni kizima. Programu huria, kama OpenWrt iliyoanza mwaka 2004, yaweza kukirefushia maisha. Lakini haiingii katika kila ruta.

Chukua mfano wa Linksys WRT54G. Toleo la 4 lilikuwa na megabaiti 4 za hifadhi, ambamo programu hukaa hata umeme ukikatika, na 16 za kumbukumbu, ambamo programu hufanyia kazi. Toleo la 5, la mwaka 2005, lilipunguziwa hadi 2 na 8. Jina lilikuwa lile lile, lakini OpenWrt haikuenea ndani yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi asome namba ya toleo kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta. Ailinganishe na orodha ya OpenWrt. Kisha ahakikishe hifadhi haipungui megabaiti 16, wala kumbukumbu 128.

Swali: Kwa nini jina la ruta pekee halitoshi?