Chozi wa Milima ya Uluguru

Mwezi Machi, masika yanapoanza Mgeta, mbayuwayu waliokuja kukwepa baridi ya Ulaya hurejea kaskazini kuzaliana. Chozi wa Loveridge, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1922, hana safari hiyo: duniani kote huishi katika Milima ya Uluguru peke yake. Hufyonza mbochi, na hapo huchukua chavua kutoka ua hadi ua. Msitu ukifyekwa au ukiungua, hana milima mingine ya kukimbilia. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008; lakini mpaka wake hutegemea pia jirani zake wakulima. Basi, amwonaye ndege huyu na aandike tarehe, mahali na ua alilotembelea. Kumbukumbu za miaka mingi ndizo zitakazotuonyesha mapema iwapo anapungua.