MKONO ULIOZOEA UNAWEZA KUJIFUNZA UPYA

Somo letu la leo linahusu gitaa. Huenda wewe hupigi gitaa. Usiache kusoma. Somo hili ni la kila mtu aliyefanya kazi moja kwa njia moja miaka mingi: mkulima, mvuvi, fundi cherehani. Tunataka kujibu swali moja. Je, mtu aliyezoea njia moja tangu ujana wake anaweza kuibadili uzeeni?

MZEE WA BUHONGWA

Hapa Buhongwa ninaye jirani mmoja. Ameniomba nisilitaje jina lake. Ana umri wa miaka 63, na amepiga gitaa tangu alipokuwa na miaka 20. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi. Hupiga kwa kutumia kipande kidogo cha plastiki cha kugongea nyuzi. Wapigaji hukiita piki.

Mwaka jana alialikwa kupiga kwenye harusi. Katikati ya wimbo mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, piki ikadondoka. Kijana mmoja akalichukua gitaa, akaumalizia wimbo. Watu wakapiga makofi. Mzee akaenda kukaa nyuma, karibu na masufuria.

Kesho yake nilikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mkono huu umegoma."

Nikamwambia, "Mzee, umri nao umefika. Pumzika sasa, waachie vijana."

Hakunijibu. Alilitundika gitaa ukutani, akaniuliza habari za mvua.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha. Kazi yangu ni kuwaambia watu wazima kwamba elimu haina mwisho. Sasa mimi huyo huyo nimemwambia mzee wangu kwamba yake imekwisha!

KOSA LILIKUWA WAPI?

Mzee alikwenda zahanati. Alishauriwa aupumzishe mkono wiki tatu. Zilipokwisha, alimwita mjukuu wake wa miaka 14, akamwambia, "Kaa hapa mbele yangu. Usisikilize wimbo. Tazama mkono tu."

Mtoto alitazama, kisha akasema, "Babu, mkono wako unapiga ukishuka tu. Ukipanda haupigi kitu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Tulieleze kwa mfano wa jembe. Jembe hufanya kazi likishuka. Likipanda, mkulima analinyanyua bure. Sasa fikiri msumeno wa watu wawili wa kukatia gogo. Ukivutwa huku unakata, ukivutwa kule unakata. Mzee alikuwa anapiga gitaa kama jembe, wakati gitaa linaweza kupigwa kama msumeno.

Tupige hesabu. Ukitaka sauti 100 kwa kushuka tu, mkono utashuka mara 100 na kupanda mara 100. Jumla ni safari 200. Ukipiga kwa kushuka na kupanda, safari 100 zinatosha. Katika nyimbo za haraka, mkono wa mzee ulikuwa unafanya kazi mara mbili kwa malipo yale yale.

Makosa mengine yalikuwa mawili. Aliibana piki kwa nguvu, kana kwamba itamtoroka. Tena aliuendesha mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, badala ya kutumia kifundo cha mkono. Ndani ya mkono kuna kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kano zikikazwa na kuvutwa saa nyingi bila kupumzika, zinaweza kuuma na kuvimba. Kijana huweza kuvumilia miaka mingi, lakini deni hulipwa baadaye.

NJIA YA KUPIGA SI MOJA

Kwanza mzee alijiuliza: je, aiache piki kabisa, apige kwa vidole?

Wapo waliopiga hivyo wakasifika. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Katanga nchini Kongo, alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kilishika nyuzi nyembamba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Nyimbo zake zilisikika sana Afrika Mashariki, na yeye mwenyewe alifika Kenya akapiga huko. Ukimsikiliza unaweza kudhani wako wapigaji wawili. Bosco alifariki mwaka 1990.

Wapo pia waliobadili njia wakiwa tayari na sifa. Jeff Beck wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1944, alijulikana duniani katika miaka ya 1960 akipiga kwa piki. Katika miaka ya 1980, akikaribia au akiwa amepita miaka 40, aliizoea njia ya vidole na piki akaiacha. Aliendelea hivyo mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2023.

Mzee alijaribu vidole siku chache. Akaona nyimbo zake zinataka ile sauti kali ya piki. Basi akaamua piki ibaki, lakini mkono ubadilike.

HATUA ALIZOZIFUATA

1. Alishika piki kwa ulegevu, kama mtu anayeshika kifaranga. Ukibana utamwua, ukilegeza mno atakimbia.

2. Alipiga uzi mmoja tu. Chini, juu, chini, juu. Hakupiga wimbo wowote.

3. Alifuata mlio wa saa ya ukutani, sauti moja kwa kila sekunde. Hizo ni sauti 60 kwa dakika. Alipoweza bila kukosea, ndipo alipopiga sauti mbili kwa kila sekunde.

4. Alifanya dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, kila siku. Mazoezi mafupi ya kila siku hushinda mazoezi ya saa nyingi ya siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Akisikia maumivu, aliacha siku hiyo.

Ndugu msomaji, angalia hatua ya tano vizuri. Maumivu yakidumu, au vidole vikifa ganzi mara kwa mara, nenda zahanati. Mazoezi hayatibu kila kitu.

KWA NINI KUACHA MAZOEA NI KUGUMU?

Umeona njia ya ng'ombe. Wakipita hapo hapo kila siku, ardhi inachimbika. Ukiwafungulia njia mpya iliyo fupi, asubuhi bado watageukia ile ya zamani. Itakubidi uwaswage siku nyingi mpaka njia mpya nayo ichimbike. Ubongo wetu una tabia kama hiyo. Jambo lililorudiwa miaka 40 hujiendesha lenyewe. Lakini ubongo wa mtu mzima bado unaweza kuchimba njia mpya, mradi arudie polepole na kwa usahihi.

Mwezi wa pili ulikuwa mbaya kuliko yote. Njia ya zamani imeharibika, mpya haijafika. Mzee alikataa mialiko miwili, na pesa za mialiko hiyo akazikosa. Wajukuu wadogo walimcheka. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, naona aibu. Mimi wa kupiga chini-juu kama mtoto wa chekechea?"

Safari hii sikumwambia apumzike. Nilimkumbusha habari ya kisomo chenye manufaa, kilichoanza kwa majaribio katika mikoa hii ya Ziwa mwaka 1968, na Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza uwe mwaka 1970. Akina mama na akina baba waliozoea jembe walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Nao walipaswa kuonekana hawajui, mbele ya majirani na watoto wao. Wasingekubali aibu hiyo, wasingesoma.

Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Haya. Chini, juu."

MATOKEO YAKE

Mwezi wa saba alipiga kwenye sherehe ya ubatizo hapa jirani. Alipiga nyimbo tatu, na mkono haukufa ganzi. Walipomwomba wimbo wa nne, ambao ni wa haraka sana, alisema wazi, "Huo bado naujifunza." Kijana yule wa harusini akaupiga, na mzee akakaa karibu naye, si nyuma kwenye masufuria.

Uko wimbo mmoja wa taratibu ambao bado anaupiga kwa kushuka tu. Anasema uzito wake unatoka hapo. "Huo niachie, mwalimu." Nami naona ana haki. Si kila cha zamani ni kosa. Kosa ni kutokujua kwa nini unafanya hivyo.

Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Alicheka. "Ulinikasirisha, mwalimu. Lakini hasira hazipigi gitaa. Aliyenisaidia ni huyu mtoto aliyetazama mkono."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mzee alipiga gitaa kwa miaka mingapi kabla ya kufika miaka 63?

2. Ukifanya mazoezi ya dakika 20 kila siku kwa siku 30, utakuwa umefanya saa ngapi?

3. Kwa nini mzee alimwambia mjukuu asisikilize wimbo?

4. Mwalimu alikosea wapi? Je, wewe umewahi kumwambia mtu maneno kama hayo?

5. Taja kazi moja unayoifanya kila siku. Mwombe mtu wa nyumbani akutazame ukiifanya. Ameona nini ambacho wewe hukioni? Andika sentensi tano kwenye daftari lako, kisha uzisome mbele ya wenzako.