Chatu Mgeni Akigoma Kula

Vijana kadhaa wameniuliza kuhusu yule chatu mdogo wa Ghana, Togo na Benin, anayejiviringa kama mpira akiogopa. Kwanza kibali: biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES, na sheria ya wanyamapori ya nchi yako nayo inakuhusu. Bila karatasi, achana naye.

Sasa tabu yenyewe: kafika, hataki kula. Mwenye chatu anaingia hofu, anamshikashika, kisha anamfungia na panya mzima usiku kucha. Panya mwenye njaa humtafuna chatu hadi vidonda!

Mwache wiki nzima bila kumgusa. Kagua joto kwanza, kama unavyofanya kwenye bruda ya vifaranga: upande mmoja nyuzi 31 hadi 33, mwingine 25 hadi 27, achague mwenyewe. Mkeka wa joto usio na kidhibiti utamuunguza. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60, uongeze akikaribia kujivua gamba. Weka maficho kila upande, yambane kidogo. Akiwa peupe hana raha ya kula.

Kisha mpe panya aliyeuawa tayari, mwenye uvuguvugu, asiyezidi unene wa tumbo lake. Akila, usimshike kwa saa 48, anaweza kutapika. Akikataa, mtoe panya, jaribu tena wiki ijayo. Chatu mkubwa mwenye afya anaweza kugoma hata miezi, kwa hiyo mpime uzito kila wiki. Uzito ukishuka mfululizo, au akihema mdomo wazi, mwite daktari wa mifugo.