Kushuka Jabali kwa Kamba

Msafiri atokaye Isiolo na kupita Archers Post huuona mlima Ololokwe, ambao ubavu wake mmoja umesimama wima kama ukuta. Vijana wawili wapendao kujifunza kushuka kwa kamba wasianzie hapo. Waanzie kwenye jiwe lenye kimo cha mtu mara mbili, mbele ya mtu ajuaye, hata wakichekwa na wachungaji.

Kamba ya katani, iliyo njema kwa kufungia mizigo, haifai: ikilowa mara kwa mara huoza ndani, na nje yaonekana nzima. Ya nailoni ni bora, lakini nayo hukatwa na ukingo mkali wa jiwe. Basi pawekwe gunia lililokunjwa.

Siku hizi hutumiwa mkanda wa kiunoni na chombo cha chuma kinachoibana kamba. Njia ya zamani, iitwayo kwa jina la Hans Dülfer, Mjerumani aliyekufa vitani mwaka 1915, haikuhitaji chombo: kamba ilipita katikati ya miguu, ikazunguka paja la kulia, ikavuka kifua hadi bega la kushoto, ikashuka mgongoni hadi mkono wa kulia. Iliunguza ngozi vibaya. Katika njia zote mbili mkono wa chini ndio breki, wala hauachi kamba kamwe.

Mkono ukichoka, rafiki ndiye tumaini. Yeye hukaa juu, naye amefungwa kwenye mti imara, akilegeza kidogo kidogo kamba ya pili iliyofungwa kwenye mkanda wa mwenzake. Kabla ya kushuka, kila mmoja hukagua mafundo ya mwenziwe kwa mkono, si kwa macho tu. Na mwishoni mwa kamba hupigwa fundo kubwa, kwani hata mabingwa wamefika mwisho wa kamba kabla ya kufika chini.