Vigae na mkaa kwenye msingi: umri wake hujulikanaje?

*Tukichimba msingi wa nyumba tumekuta vigae vya vyungu na mkaa. Umri wake utajulikanaje? Nahofia tumeshaharibu ushahidi.*
*Msomaji, Kilwa*

Usihofu, ndugu yangu. Tabaka ambazo hazijaguswa bado zina mengi ya kutueleza. Mkaa hutokana na mti; mti ukifa huacha kupokea kaboni mpya, na kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi) iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Maabara hupima iliyobaki kwenye mkaa, hadi kufikia miaka 50,000 hivi. Vigae hulinganishwa kwa umbo na nakshi na vile ambavyo umri wake unajulikana.

Simamisheni uchimbaji hapo. Pigeni picha, andikeni kina, msioshe mkaa wala kuuhamisha. Kisha mwarifuni ofisa utamaduni wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale kabla hamjaendelea.