Safari ya Kuijua Nchi: Kutoka Isimila Hata Kalambo

Wahenga walisema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Neno hili ni la kweli, lakini yafaa tujiulize: msafiri aokote nini? Wengi katika wasomaji wetu husafiri kila mwaka kwenda kuzuru jamaa, kupeleka mazao au kuhudhuria mikutano, nao hupita karibu na mahali pa ajabu pasipo kujua. Sifa za mlima Kilimanjaro na bonde la Ngorongoro zimeenea ulimwenguni kote; lakini ziko sehemu nyingine ambazo hata watu wa wilaya za jirani hawazifahamu. Leo twataka kumchukua msomaji katika njia ya nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kutoka Iringa hata mpaka wa Zambia, tutazame mahali sita na kujifunza jambo katika kila mahali.

1. Isimila

Ukitoka Iringa kwa barabara kuu ya Mbeya, mwendo wa kadiri ya kilometa 20, utafika Isimila. Hapo pana korongo lenye nguzo za udongo mgumu, ndefu kama minara, zilizochongwa na maji na upepo. Zamani sana palikuwa na ziwa dogo. Watu wa kale walikuja kando yake, wakaacha zana zao za mawe: mashoka ya kushikwa mkononi pasipo mpini, na mawe ya kukatia na kukwangulia. Tope la ziwa likazifunika. Baadaye ziwa likakauka, maji ya mvua yakalichimba lile tope, na zana zikaonekana tena. Zilitambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba hapo kwa utaratibu. Umri wake wakadiriwa kupita miaka 200,000.

Mtazamaji asiharakishe. Na alitazame shoka moja pande zote mbili, ataona kwamba limechongwa huku na huku mpaka likapata ncha na makali yanayolingana. Jiwe halivunjiki hivyo lenyewe. Aliyelichonga alikuwa na umbo lake akilini kabla ya kulipiga pigo la kwanza.

2. Kalenga

Karibu na mji wa Iringa iko Kalenga, iliyokuwa makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliwashinda Wadachi huko Lugalo, na mkuu wao, Zelewski, akauawa. Wadachi walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Alipigana nao porini miaka mingine hata Julai 1898, alipojiua kwa bunduki ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Jambo la fuvu hilo liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, lakini halikurejeshwa kwa Wahehe mpaka mwaka 1954. Sasa limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho iliyopo Kalenga. Msomaji na atafakari: watu walidai kitu kimoja kwa miaka zaidi ya 50, kwa sababu mahali pake palikuwa pamoja na watu wake.

3. Ziwa Ngozi

Tukifika Mbeya twaigeukia njia ya Tukuyu. Katika milima ya Poroto limo ziwa Ngozi, lililozungukwa na kuta ndefu zenye msitu. Ziwa hili limo katika shimo la mlima uliotoa moto zamani; kilele kilibomoka na kuzama, kisha maji yakajaa. Urefu wake wapata kilometa mbili na nusu. Wenyeji hulitaja kwa heshima na husimulia habari zake nyingi. Mgeni asiende bila mwenyeji wa kumwongoza, kwani njia ya msituni ni ya kupanda sana, na wakati wa masika huteleza. Miezi ya kiangazi, Juni hata Oktoba, ndiyo ifaayo.

4. Daraja la Mungu

Katika nchi ya Rungwe mto Kiwira, uendao ziwa Nyasa, hupita chini ya daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Ni mwamba uliotokana na moto wa milima ya huko: ulitiririka ukiwa umeyeyuka, ukapoa ukawa mgumu, na maji yana njia yake chini. Watu wameliita Daraja la Mungu. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi ziwa Ngozi na daraja hili katika safari moja, watafahamu kwamba milima ile iliyo kimya, yenye migomba na chai ubavuni, ilikuwa na moto. Hata rutuba ya mashamba yao yatokana na majivu yake.

5. Kimondo cha Mbozi

Twarudi Mbeya, twafuata njia ya Tunduma hata wilaya ya Mbozi. Hapo kipo Kimondo, pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Urefu wake ni kadiri ya mita tatu, na uzito wake wakadiriwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu kale; habari zake ziliandikwa mwaka 1930 baada ya mpima ardhi mmoja kukiona. Sehemu kubwa ni chuma, na ndani yake imo nikeli, ambayo ndiyo alama moja ya kuvitambua vimondo. Kilikuwa kimefukiwa nusu. Udongo ukachimbwa pande zote ili kionekane chote.

Kina alama za msumeno mahali palipokatwa vipande vya kuchunguzwa. Vipande hivyo vilileta elimu. Lakini kama kila mgeni angechukua chake cha ukumbusho, leo tungekwenda Mbozi kutazama shimo tupu.

6. Maporomoko ya Kalambo

Mwisho wa safari ni mkoa wa Rukwa. Kupita Sumbawanga na Matai twafika mto Kalambo, ulio mpaka wa Tanzania na Zambia. Mto huu huanguka kwa mruko mmoja, zaidi ya mita 200, kabla ya kuingia ziwa Tanganyika. Katika majabali yake kongoti hujenga viota.

Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walichimba tangu miaka ya 1950. Mwaka 2019 walipata magogo mawili, moja juu ya jingine, na lile la juu lilikuwa limechongwa pengo ili lilikalie la chini. Habari zake zilitangazwa mwaka 2023: umri wake si chini ya miaka 476,000. Watu wa namna yetu hawakuwapo bado. Mti hauwezi kudumu muda huo. Huu ulisalia kwa sababu ulikaa katika mchanga uliolowa maji daima, pasipo hewa ya kuuozesha.

Tena umri huo ulijulikanaje? Si kwa kuyatazama magogo, bali kwa kuupima mchanga uliowazunguka. Chembe za mchanga zikifukiwa gizani hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka ardhini, na kwa kuipima nguvu hiyo wataalamu hukadiria tangu lini chembe hizo hazijaona jua.

Neno kwa walimu na viongozi wa vijiji

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Kama mtu angaliyaona magogo yale kwanza, akayang'oa, akayapeleka nyumbani kwake, yangalikuwa kuni zilizooza, na hakuna mtaalamu ambaye angaliweza kueleza umri wake. Vivyo hivyo shoka la Isimila likitiwa mfukoni huwa jiwe tu. Lilipolala, tope lililolifunika na mifupa iliyokuwa karibu, hayo ndiyo maneno yake. Likiondolewa, huwa bubu.

Wanaoharibu si wageni peke yao. Yuko mchimba mchanga asiyejua anachokivunja, yuko kijana achongaye jina lake katika mwamba, na yuko mwalimu mwenye nia njema anayekusanya mawe ya kale katika sanduku la shule. Huyu wa mwisho twamsihi kwa upole: sanduku lake lafundisha darasa moja na kuwanyima watu wa baadaye.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba au kuondoa vitu vya namna hii pasipo ruhusa. Lakini sheria haina macho kila porini. Macho ni ya wenyeji. Basi twashauri mambo haya:

Kwanza, aonaye zana, mifupa migeuzwa mawe, vyungu vya kale au michoro miambani, aviache palepale, aweke alama karibu, akatoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji, naye aifikishe wilayani.

Pili, viongozi wa kijiji wazuie kuchimba mchanga au kufyatua matofali mahali hapo mpaka wataalamu wafike.

Tatu, mwalimu awapeleke wanafunzi na daftari, kalamu na kamba ya kupimia. Wachore kitu, wapime urefu wake, waandike kilipo. Kazi hii yazoeza macho na mkono kuliko kuokota.

Nne, wazee waulizwe majina ya vilima, mapango na vijito, na sababu za majina hayo. Habari hizi hazimo katika mchanga. Zimo vifuani mwao, na mzee akifa huenda nazo.

Msomaji asidhani kwamba ni lazima aende Mbozi au Kalambo ndipo aanze. Katika kila wilaya kuna kilima ambacho watoto hawakijui habari zake. Na aanze na hicho Jumamosi ijayo, na mzee mmoja wa kijiji awe kiongozi wa njia.