Kufundisha Semi za Kiingereza za Hisia, Udugu na Mipaka ya Mtu

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi ya serikali nchini Tanzania, na katika shule nyingi Kiingereza hufundishwa kama somo. Mtoto wa Kibiti, Bungu au Nyamisati, ambaye nyumbani pengine husikia pia Kindengereko au Kirufiji, aghalabu hukutana na Kiingereza darasani tu. Huko hujifunza kwanza majina ya vitu: kitabu, dawati, mlango. Hayo ni ya lazima, lakini hayamtoshi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, hakuna mtoto aliyehitaji kufundishwa hofu wala huzuni; alichohitaji ni maneno ya kuzieleza. Makala haya yanamwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kufundisha maneno ya namna hiyo.

1. Hisia

Kiswahili husema "nina hasira", "nina huzuni", "nina hofu". Kwa kufuata kanuni hiyo mwanafunzi husema "I have angry". Husema pia "I hear shy", kwa kuwa kwao husemwa "nasikia aibu". Makosa haya hayatokani na uvivu. Mtoto ametumia kanuni ya lugha aijuayo, na mwalimu hana budi kuitambua kabla ya kusahihisha.

Kwa hiyo usiandike ubaoni orodha ya maneno yaliyo peke yake. Fundisha sentensi nzima: "I am angry", "I am sad", "I am afraid". Zikishazoeleka, ongeza sababu inayotoka katika maisha ya watoto wenyewe: "I am afraid because the river is high", "I am happy because my father is back from the sea".

Angalia pia maneno ambayo mipaka ya maana zake hailingani. "Aibu" hugawanyika mara tatu. Mtoto anayejificha nyuma ya mama mbele ya wageni ni "shy". Aliyeteleza matopeni wenzake wakacheka ni "embarrassed". Anayejua kwamba ametenda vibaya ni "ashamed". "Amechukia", kama lisemwavyo pwani kwa mtu aliyeudhika, ni "He is annoyed", wala si "He hates me". Neno "sorry" nalo husimama mahali pa "pole" na pahali pa "samahani". Mwanafunzi aelezwe kwamba anayemwambia mfiwa "I am sorry" hakiri kosa lolote.

2. Udugu

Neno "uncle" humeza mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni kaka au dada, kwa Kiingereza huwa "cousin". Mwalimu asimfanye mtoto aone kwamba udugu wake umekosewa. Aseme tu kwamba kila lugha imeipanga jamaa kwa namna yake, kisha awape watoto kazi ya kuchora jamaa zao na kuandika majina ya udugu kwa lugha zote mbili.

Kitenzi "kupenda" kinahitaji uangalifu zaidi. Kiswahili hukitumia kwa samaki, kwa rafiki na kwa mchumba. Mtoto ajue kwamba "I like you" yatosha kwa mwanafunzi mwenzake, na kwamba "I love you" ni neno zito. Utani nao ni hivyo hivyo. Babu akimwita mjukuu wake "mke wangu", wote hucheka kwa kuwa wanaijua mila. Maneno hayo yakitafsiriwa kwa Kiingereza mbele ya mgeni, hayatachekesha. Fundisha "I am only joking", na jibu lake: "Please don't joke like that".

3. Mipaka ya mtu

Kanuni ya ualimu ni kuanzia kwenye jambo linalojulikana. Kila mtoto wa pwani anajua hodi. Mpiga hodi husubiri kuambiwa "karibu". Akipiga mara tatu pasipo jibu, huondoka bila kinyongo. Basi mpaka si jambo geni lililoletwa na Kiingereza. Panga somo kwa ngazi tatu.

(a) Nyumba: "May I come in?" – "Yes, please" au "Please wait".
(b) Vitu: "May I borrow your pen?" – "I am sorry, I am using it".
(c) Mwili: "Please stop. I don't like it". "Don't touch me".

Watoto waigize wawili wawili, wavulana kwa wasichana, kisha wabadilishane nafasi. Usimfundishe anayekataa peke yake. Anayeomba naye ajifunze kupokea jibu kwa kusema "All right" na kuacha. Hii ndiyo sehemu ambayo walimu wengi huiruka.

Huenda wazazi wakauliza: je, mtoto anafundishwa kuwavunjia wakubwa adabu? Waelezeni katika mkutano wa shule kwamba shikamoo inabaki palepale. Heshima kwa mkubwa haimpi mkubwa huyo ruhusa ya kumgusa mtoto vibaya, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya madhara hayo.

4. Tahadhari

Kiingereza cha somo hili si ngao. Mtoto aliye peke yake njiani au ndani ya mtumbwi hatajitetea kwa lugha ya kigeni. Kila sentensi ya ngazi ya tatu isemwe pia kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa: "Acha! Sitaki!" Kisha kila mtoto ataje mtu mzima ambaye atamwambia akipatwa na jambo.

Usimwombe mtoto asimulie siri zake mbele ya darasa. Tumia picha au vikaragosi vyenye majina ya kubuni. Mtoto akidokeza kwamba anadhuriwa, usimhoji mbele ya wenzake wala usimwahidi kwamba utaificha habari hiyo. Msikilize faraghani, kisha mweleze mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii. Simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

5. Andalio fupi la somo (dakika 40)

Dakika 5: hodi na majibu yake kwa Kiswahili.
Dakika 10: sentensi za ngazi (a) na (b), mwalimu akitangulia.
Dakika 15: maigizo ya wawili wawili.
Dakika 10: ngazi (c) kwa lugha zote mbili, na kutaja mtu wa kuambiwa.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Taja maneno mengine mawili ya hisia ambayo maana zake hugawanyika katika Kiingereza.
2. Utamjibuje mzazi asemaye kwamba mtoto mwema hakatai?
3. Andika mazungumzo mafupi ambayo anayeomba ananyimwa, na urafiki unabaki.